Anageukia Ukutani: Jibu kwa Msomaji wa Tabata

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Tabata, nina miaka 36, nina duka la vifaa vya ujenzi. Baba yangu mkubwa ana miaka 79. Ndiye aliyenilea na kunisomesha baada ya baba kufariki. Alikuwa karani bandarini, akihesabu mizigo inayoshushwa melini, mpaka alipostaafu. Hakujaliwa mtoto, na mama mkubwa alitangulia miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali tulikaa kikao cha ukoo, ikaonekana hakuna anayeshinda nyumbani, tukachanga tukampeleka kituo cha kulelea wazee hapa hapa Dar es Salaam. Kituo ni kisafi, wahudumu wana heshima, anakula mara tatu. Lakini amenyamaza. Nikipata nafasi naenda, nambebea matunda, maziwa, unga wa lishe. Ananijibu "salama", "asante", halafu anageukia ukutani. Wahudumu wanasema uzee ndivyo ulivyo. Ndugu wengine wananisema kwamba nimemtupa mzee. Nifanye nini upweke umtoke? Au nimrudishe nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara macho yananirudi pale ulipoandika "tulikaa kikao". Nitapafikia. Kwanza kuna mambo ya mwili ambayo lazima yatangulie, maana nimeona mara nyingi mno watu wakihangaika kuuliwaza moyo wa mzee wakati kinachomsumbua ni sikio.

Anza basi na masikio. Miaka niliyokuwa afisa ustawi wa jamii kulikuwa na bibi mmoja, kwenye makazi niliyokuwa nikiyatembelea, ambaye kila mtu alishampa jina la mkaidi. Ukimsalimia anakutazama tu. Akiitwa kula haji mpaka afuatwe. Siku moja muuguzi aliyekuja kupima presha alimmulika masikioni kwa tochi, akaagiza adondoshewe matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha akarudi kuyasafisha kwa maji ya uvuguvugu. Ilitoka nta nyeusi, ngumu, kila sikio kipande kama punje ya harage. Bibi akatulia, akainua kidole kimoja kama anayetuambia tunyamaze. Nje alikuwepo mtu anafagia uwanja. "Ule ufagio," akasema. "Nausikia ule ufagio." Kesho yake alikwenda mezani mwenyewe, kabla ya kuitwa.

Mtu asiyesikia vizuri hujifunza upesi majibu yanayofaa karibu kila swali: "salama", "asante". Hayo ndiyo unayopewa wewe. Sisemi kwamba baba yako mkubwa ni kiziwi, nasema muombe muuguzi wa kituo amtazame masikio, na asipoona kitu mpelekeni kliniki ya masikio, pua na koo akapimwe. Usimchokoe mwenyewe kwa kijiti cha pamba, utaisukuma nta ndani zaidi. Macho nayo yaangaliwe, mtoto wa jicho humfungia mzee dunia taratibu bila yeye kujua, na upasuaji wake ni wa muda mfupi. Kisha muulize, kwa swali la peke yake, kama nyonga inamuuma akikaa kwenye kiti. Wazee wengi wa umri wake hawalalamiki, wanalala. Kumbe ukuta anaougeukia ndio upande pekee asiolalia maumivu.

Halafu kuna sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Sonona na upweke ni vitu viwili, ingawa mara nyingi hukaa nyumba moja. Mpweke akipata mtu hufunguka. Mwenye sonona hata akizungukwa na watu anabaki kule aliko. Waulize wahudumu wa zamu ya usiku: anaamka saa tisa au saa kumi alfajiri halali tena? Chakula anakiacha? Nguo zinampwaya? Ameshasema maneno kama "Mungu angenichukua tu"? Haya yakiwa yamedumu wiki mbili au zaidi, aonwe na daktari, na akisema maneno yoyote ya kutaka kujidhuru usingoje hata siku moja. Sonona ya uzeeni inatibika, kwa dawa na kwa mazungumzo, na akipelekwa hospitali ya serikali ulizia dirisha la wazee, lipo kwa ajili yake. Na kama siku yoyote ukimya ukamjia ghafla, jana alikuwa anaongea leo hajui yuko wapi, hiyo haihusiani na upweke kabisa. Inaweza kuwa sukari, maambukizi ya njia ya mkojo, au kiharusi. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Na hao wanaokuambia uzee ndivyo ulivyo, wasikuzoeshe kuamini hivyo. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 30 na nimewaona wazee wa miaka 90 wanaocheka mpaka wanashika mbavu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na inakadiria kuwa vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka vinahusishwa nao. Ninakupa takwimu hii uwape wale ndugu zako wanaodhani mzee anadeka. Upweke unaingia mpaka kwenye moyo na kwenye ubongo. Ni suala la afya kama presha.

Sasa kikao.

Hukuniambia kama baba mkubwa alikuwepo. Nahisi hakuwepo, au alikuwepo kitandani chumba cha pili huku nyie mkizungumza sebuleni kwa sauti ya chini. Sikulaumu, najua vikao vyetu vinavyokwenda: mgonjwa haulizwi, anaonewa huruma, anaamuliwa. Lakini mfikirie mtu huyo. Kwa miaka yote hiyo alisimama gatini na karatasi yake, akihesabu magunia, marobota, makasha, na asipotia saini yake mzigo hautoki. Nyumbani kwake wewe ulikuwa unamuomba ada, unamuomba ruhusa. Leo anaamshwa saa waliyopanga wengine, anaogeshwa saa waliyopanga wengine, uji unakuja na sukari kiasi alichokadiria mpishi, na wewe unakuja na mfuko wa matunda aliochagua muuza matunda. Kila kitu kinamfikia. Hakuna kinachotoka kwake. Hapo ndipo naliona tatizo lilipo, na hapo ndipo dawa itakapopita.

Mwaka 1991 daktari mmoja Mmarekani, Bill Thomas, alipewa kazi kwenye nyumba ya wazee katika jimbo la New York, akakuta wanatunzwa vizuri na bado wananyauka. Alisema wanaumwa maradhi matatu ambayo hakuna anayeyaandika kwenye faili: upweke, kutojiweza, na uchovu wa siku zisizo na jipya. Akaleta ndege, mbwa, paka, mimea, watoto. Watu wengi wakisikia habari hii wanakumbuka wale ndege tu. Mimi ninachokishika ni dawa aliyoiandika kwa kila ugonjwa. Upweke unataka wenza wa karibu. Uchovu unataka jambo ambalo halikutarajiwa. Na kutojiweza kunatibiwa kwa kumpa mtu nafasi ya kutoa, asiwe wa kupokea tu. Ninyi mmeongeza kupokea, mkaongeza tena, na mzee akazidi kunyamaza.

Kuna utafiti wa zamani kidogo, wa 1976, wa Ellen Langer na Judith Rodin, kwenye nyumba ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa wao ndio wenye kuamua vyumba vyao vipangweje na muda wao waupitisheje, wakachagua kila mmoja mmea wa kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwa upole kwamba wahudumu watawafanyia yote, na mmea wakapewa, ila wauguzi ndio waliomwagilia. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na walishiriki mambo zaidi. Mmea ule ule, maji yale yale, tofauti ni nani aliyeamua na mkono uliomwagilia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni gumu. Nenda ukamuombe radhi. Kaa karibu, useme: baba, tulikaa kikao juu yako bila wewe, tulikosea. Usieleze sababu, usimtaje nani alisema nini. Halafu nyamaza. Anaweza asijibu siku hiyo. Anaweza kulia, na ukimuona baba yako mkubwa analia usikimbilie kumfuta machozi na kubadilisha mazungumzo, mwache alie na wewe ukae hapo hapo.

La pili ni namna unavyomtembelea. Umeandika "nikipata nafasi naenda". Naelewa, duka halina Jumamosi. Lakini itazame kwa upande wake. Yeye hajui leo ni siku yako au si siku yako. Kila geti likilia anainua kichwa. Baada ya miezi ya kuinua kichwa bure, mtu huacha kuinua kichwa, hata siku ambayo ni wewe kweli. Mwanasaikolojia Richard Schulz alilipima jambo hili, naye mwaka 1976, kwa wanafunzi wa chuo waliokwenda kuwatembelea wazee kwenye makazi yao. Baadhi ya wazee walipanga wenyewe mgeni aje lini na akae muda gani. Wengine hawakupanga, ila walijulishwa mapema. Wa tatu walitembelewa kwa kushtukizwa, ingawa idadi ya ziara na muda vililinganishwa. Wengine hawakutembelewa. Makundi mawili ya kwanza yalinawiri. Lile la kushtukizwa halikuwapita kwa kiasi cha maana wale wasiotembelewa kabisa.

Rudia kuisoma hiyo sentensi ya mwisho, halafu fikiria magari yanayopanga foleni kwenye makazi ya wazee Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani, au mkesha wa Krismasi, au Idi. Sabuni, mchele, mafuta, picha ya pamoja, mzee ameshikishwa ndoo. Nimezipokea ziara hizo kwa miaka mingi, na mchele ule ulipikwa na ulihitajika, sitaki kuwavunja moyo wanaotoa. Lakini jioni yake, magari yakishaondoka, ndiyo jioni niliyokuwa naiogopa zaidi kituoni. Ukimya wake ulikuwa mzito kuliko wa siku ya kawaida.

Basi iwepo siku moja inayojulikana. Iwe ndogo unayoiweza, usiahidi kila wiki kwa ajili ya aibu ya ndugu. Jumapili moja kila baada ya wiki mbili, saa kumi jioni mpaka saa kumi na moja, inatosha kabisa. Na siku yenyewe usichague wewe, achague yeye. Nunua kalenda ya ukutani, ile kubwa yenye tarakimu zinazosomeka, na kalamu ya wino mzito. Itundike upande ule ule anaougeukia. Kabla hujaondoka muulize nije lini, aseme, aandike mwenyewe. Ukikwama, piga simu kabla ya siku yenyewe, usipige jioni ya siku hiyo kuomba radhi. Zingatia pia kwamba Schulz na mwenzake walipowafuatilia wale wazee baadaye, ziara zilipokuwa zimekatika, waliokuwa wamenawiri ndio walioporomoka. Ndiyo maana nakwambia anza na kidogo usichokikatiza. Kama una kaka au binamu anayetaka kusaidia, mpe na yeye tarehe yake kwenye kalenda hiyo hiyo, na aambiwe maana yake.

La tatu, na hapa ndipo nina matumaini makubwa, ni duka lako. Una daftari la mauzo, una risiti, una mikopo ya mafundi wanaochukua saruji na nondo kwa kuahidi kulipa mwisho wa mwezi. Nani anakujumlishia? Kama ni wewe mwenyewe saa nne usiku ukiwa umechoka, basi una kazi ya kweli, na una karani. Nenda na daftari. Usimwambie "nimekuletea kitu cha kukuchangamsha", atajua ni mchezo na ataumia. Mwambie ukweli: baba, nadaiwa na kudai, sijui nimesimama wapi, nikagulie. Mpe miwani yake, kikokotoo kama anakitaka, kalamu nyekundu. Mwachie daftari mpaka siku inayofuata, ila piga picha kurasa kwanza. Akikosea hesabu, na anaweza kukosea, zirudieni pamoja kama mlivyokuwa mkirudia hesabu zako za darasa la tano. Na akikukuta umekosea wewe, kubali.

Nilipata kuwa na mzee mmoja aliyekuwa fundi cherehani. Hakuongea na mtu kwa miezi. Mhudumu mmoja kijana alichanika sare, akaenda kwake si kwa mpango wowote, kwa sababu ilikuwa imechanika na zamu inaanza. Mzee aliitazama ile nguo, akaigeuza ndani nje, akasema, "Nani alikushonea hivi?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyomsikia. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa na boksi la nguo za wafanyakazi chini ya kitanda na alikuwa mkali kweli kwa wanaochelewa kuzichukua.

Kuhusu watu wa kituoni. Mwanasosholojia Robert Weiss aliandika mwaka 1973 kwamba upweke uko wa namna mbili, na nimeona inasaidia kuvitenganisha. Upo wa kumkosa mtu mmoja wa ndani, na upo wa kukosa baraza, watu wa kukuzunguka wanaojua wewe ni nani. Mmoja hauzibi mwingine. Baba yako mkubwa anao wote. Nafasi ya mama mkubwa hutaiziba, wala usijaribu. Unachoweza ni kumtaja. Watu huogopa kumtaja marehemu mbele ya mjane wake wakidhani wanamkumbusha, kana kwamba amesahau. Peleka picha yake, iwekwe mahali atakapoiona akiwa amelala. Muulize alikuwa anapikaje samaki wa nazi. Atakuambia.

Baraza ndilo linaloweza kujengwa upya, na hapo utahitaji msimamizi wa kituo. Muombe muda, kaa naye kwa adabu, usiende kama mlalamikaji. Muulize baba mkubwa anakaa wapi wakati wa chakula na nani. Vituo vingi hupanga wazee kwa urahisi wa kuwahudumia: wa viti vya magurudumu huku, wanaolishwa kule. Mwenye akili timamu na nyonga mbovu anajikuta mezani na watu watatu wasioweza kuongea. Kubadilishwa kiti tu kunaweza kubadilisha mwezi mzima. Ulizia kama lipo bao. Kama halipo, nunua. Mashimo 32 na kete 64, wala si ghali. Ila bao letu linachezwa chini au kwenye kigoda, na mtu wa nyonga hawezi kuinama. Mtafutie fundi wa jirani yako pale dukani aligongee miguu ya kulipandisha usawa wa meza. Nimeona wazee wanaosahau jina la mtoto wao lakini wakipewa zamu ya kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, hawasahau shimo.

Halafu kuna utani, na ninashangaa kwamba vituo vyetu havitumii hazina hii. Hukuniambia nyie ni kabila gani. Waulize wahudumu kabila zao, na wazee wengine pia. Kama baba mkubwa ni Mzaramo na yupo Mnyamwezi au Msukuma jengoni, umeshapata ndugu. Mtani hangoji kuzoeleka. Ana haki ya kumvuta blanketi mtu aliyegeukia ukutani na kumwambia maneno ambayo wewe mtoto huwezi kuyatamka, na mzee analazimika kujibu, maana kutomjibu mtani ni kushindwa. Mwambie huyo mtu faragha: baba yangu amenyamaza, nakukabidhi mtani wako.

Shikamoo nayo si jambo dogo. Waombe wahudumu, hasa vijana, kwamba kabla ya kumfunua shuka au kumvua nguo wampe shikamoo na wangoje marahaba. Sekunde tatu. Ndani ya sekunde hizo yeye ni mkubwa na anayemhudumia ni mdogo, na mwili wake unabaki wake. Wamuulize pia anataka kuoga asubuhi au jioni, na sukari vijiko vingapi. Muziki ni rahisi: kiredio kidogo, au zilipendwa kwenye simu ya zamani isiyo na laini. Watu hushika zaidi nyimbo za ujana wao, na yeye alikuwa kijana siku za NUTA Jazz na Western Jazz. Ila sauti isiwe ya kuwasha siku nzima ukutani, hiyo inakuwa kelele, achague na azime mwenyewe. Simu ya video ni nzuri kwa wajukuu walioko mbali, lakini isichukue nafasi ya Jumapili yenu.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Wazee walioko kwenye vituo, hasa wasio na watoto wa kuzaa, hulala na swali moja ambalo hawalisemi: nitazikwa wapi, na nani atanizika. Kwenye makazi ya serikali, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, wapo wasio na ndugu yeyote anayejulikana, na katika makazi ya namna hiyo nimewakuta waliokuja ujanani kama manamba kwenye mashamba ya mkonge na kwao hawakurudi tena. Mmoja wao alinishika mkono siku moja nikiwa nawahi pantoni, akaniuliza kama akifa jioni watamzika usiku. Nilichelewa pantoni hiyo na iliyofuata. Alichotaka hakikuwa maneno ya faraja. Alitaka kujua utaratibu: nani ataosha mwili, sanda inatoka wapi, kaburi liko upande gani, nani atasoma dua. Nilimwitia msimamizi, akamweleza hatua kwa hatua. Alishukuru kama mtu aliyelipwa deni.

Baba mkubwa ana wewe, lakini alipelekwa kituoni na kikao, na mtu aliyepelekwa na kikao anaweza kuamini kwamba ndiyo ametolewa kwenye ukoo. Tafuta siku, ukishaona ameanza kufunguka, umuulize angependa azikwe wapi, Dar es Salaam karibu na mama mkubwa au kijijini kwa baba zake. Muulize vitu vyake angependa viende kwa nani. Ndugu watakwambia unamtabiria kifo. Wewe unamwambia kwamba bado ni wa kwenu na kwamba neno lake litasikilizwa hata siku ambayo hatakuwepo kulisema. Kama ana imani, mlete shehe au padri wake wa mtaa wa zamani, yule anayemjua kwa jina, hata mara moja kwa miezi miwili.

Sasa umrudishe nyumbani? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo nguzo ya kumtunza mzee na makazi ya kulelea ni njia ya mwisho, na mimi moyoni niko upande huo. Lakini nimeingia pia nyumba nyingi za Tabata, Kinyerezi na Mbagala ambamo mzee "yuko nyumbani": geti limefungwa kwa nje, watoto wameondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, dada wa kazi yuko jikoni na simu, televisheni inaongea peke yake mpaka saa mbili usiku. Upweke wa namna hiyo una ukatili wake, maana hakuna hata wa kuuona. Nyumba si dawa kwa kuwa ni nyumba. Kwa hiyo swali lako mimi silijibu, wala wewe usilijibu. Mpelekee mwenyewe. Mweleze ukweli wa nyumbani kwako: nani yupo saa ngapi, choo kikoje, ngazi ngapi, fedha kiasi gani. Mweleze na ukweli wa kituo. Kisha mchukue siku mbili aje kujaribu, ukiwa umeshaweka kishikio bafuni na kuondoa mkeka unaoteleza. Akisema anataka kurudi kwenu, itisheni kikao kingine, safari hii yeye akae kiti cha mwenyekiti. Akisema anabaki kituoni, na usishangae akisema hivyo hasa akishapata mwenzake wa bao, basi atakuwa amechagua, na mtu anayeishi mahali alipopachagua hupakaa tofauti. Ukihitaji mtu wa tatu wa kuwasaidia kuzungumza, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anafanya kazi hiyo na hatozi.

Ndugu wanaokusema kwamba umemtupa, wape tarehe kwenye kalenda. Atakayekataa tarehe atakuwa amejibu.

Jumapili hii usiende na matunda. Nenda na daftari, kalenda, misumari miwili na nyundo, duka ni lako huvikosi. Ukifika toa shikamoo, na kama hajageuka zunguka kitanda uende upande anaotazama, ukae kwenye kiti macho yenu yalingane. Ongea taratibu, si kwa kelele. Sema lile la kikao. Mkishamaliza, gonga misumari, tundika kalenda, mpe kalamu, umuulize: nije lini, baba? Mkono ukimtetemeka usimsaidie kuandika.